Gego Lililolala Ubavu

Asubuhi hiyo mswaki uligoma kuingia. Kengele alisimama mbele ya kioo cha bafuni, akaachama kadiri alivyoweza, na kadiri hiyo haikuzidi upana wa kidole kimoja. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho la upande ule likaonekana dogo kuliko mwenzake. Akajaribu kuupitisha mswaki kwa ubavu, ukagonga meno ya mbele, akaguna. Nje ya mlango mapacha wake, wasichana wa miaka saba, walikuwa wanangoja zamu.

"Baba anatafuna nini humo?" mmoja akauliza.

"Hatafuni. Amemeza mpira," mwenzake akajibu.

Kengele akawafungulia mlango bila kusema neno, na hilo lilikuwa jambo geni katika nyumba ile. Alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Jina lenyewe la Kengele alipewa na makuli wa pale, kwa kuwa sauti yake ilimwamsha hata abiria aliyelala juu ya mabegi upande wa pili wa uwanja. Nyumbani aliongea vilevile, kama mtu anayeongea na watu mia tatu. Alitangaza kwamba chakula kimeiva, akatangaza kwamba mvua inakuja, akatangaza kwamba yeye sasa anakwenda kuoga.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa sebuleni ameinamia cherehani. Alishona sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sketi za buluu zilijaa kwenye kochi hadi hapakuwa na pa kukaa. Alipomwona mumewe akatoa pini mbili alizokuwa amezibana kwa midomo.

"Jino limefika huko?"

"Limefika wapi? Nimelalia vibaya," Kengele akasema, meno yakiwa yamefungamana.

"Shavu halivimbi kwa kulaliwa, Baba Pacha. Wiki ya tatu hii unatafuna upande mmoja. Juzi umenitemea wali kwenye sinki ukidhani sikuoni."

"Litapoa."

"Ulisema hivyo wiki ya kwanza. Ya pili ukasema limepoa."

Karibu na dirisha alikuwa ameketi mama yake Mama Pacha, aliyekuja miezi minne iliyopita kutibiwa macho na bado alikuwa anatibiwa. Kengele alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hata kupiga chafya mbele yake aliona haya. Sasa mama huyo akanyoosha mkono.

"Njoo hapa, mwanangu. Achama nione."

"Hakuna kitu, mama."

"Mimi macho yangu hayaoni vizuri, lakini pua ninayo. Kinywa kinanuka usaha. Sisemi kukuaibisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kengele akavaa viatu haraka, akatoka bila chai. Barabarani alijipulizia kiganjani ili ajinuse, asisikie chochote, akatembea akiwa ameweka mkono mdomoni mpaka kituoni.

Ukweli ni kwamba aliogopa sindano. Lakini zaidi ya sindano aliogopa kukipoteza kiti chake. Kile kiti cha mtangazaji yeye mwenyewe alikipata hivyo hivyo: aliyekuwa akikikalia alikwenda kumuuguza baba yake, akakaa wiki mbili, na aliporudi alimkuta Kengele amekwisha kukizoea.

*

Chumba cha matangazo kilikuwa juu ya ofisi ya tiketi, kioo pande tatu, feni moja, kipaza sauti kimoja chenye shingo ndefu. Kutoka pale Kengele aliiona milango yote kumi ya kupandia na mabasi yaliyorudi kinyumenyume hadi ukingoni. Ratiba alikuwa nayo kichwani. Ya mpakani, ya milimani, ya bandarini, ya migodini. Saa, mlango, jina la kampuni. Hakuhitaji karatasi.

Saa tatu kasoro robo alitakiwa kutangaza kwamba basi la mpakani litaondokea mlango wa nane. Akaivuta shingo ya kipaza sauti, akavuta pumzi, na kitu kikamchoma kutoka kwenye taya hadi ndani ya sikio. Neno "nane" linataka kinywa kifunguke, na kinywa chake hakikufunguka. Lililotoka ni "nne". Akalisikia mwenyewe likirudi kwenye spika za uwanja, nne, na akasita. Angeweza kurudia. Lakini kurudia kulimaanisha kuufungua tena mdomo ule, na aliwaona watu wameshaanza kuinuka na mizigo. Akajiambia kwamba wataona bango la basi. Watu wana macho.

Watu kumi na mmoja waliokuwa na tiketi za mpakani walipandia mlango wa nne, wakaingia basi la milimani. Kondakta aliwahesabu vichwa, akaona idadi inatosha, akagonga bati. Waligundua kwenye mizani ya magari, mwendo wa saa mbili nje ya mji.

Alasiri mmoja wao alirudi, akapanda ngazi za chuma hadi kwenye chumba cha kioo. Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga nyeusi. Msimamizi wa kituo, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa akimfuata nyuma akimwomba radhi. Kengele akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, matusi aliyazoea.

Yule mwanamke akamtazama shavu kwa muda.

"Kumbe unaumwa," akasema. "Ungesema."

"Mama, kipaza sauti kilikuwa..."

"Nilikuwa nakwenda kumzika kaka yangu. Wamemzika saa nane." Neno hilo la mwisho alilitamka taratibu, kinywa wazi, kama anayemfundisha mtoto. Kisha akashuka.

Msimamizi akafunga mlango wa kioo. Funguo zikalia.

"Kipaza sauti kina nini?"

Kengele akakisukuma kipaza sauti pembeni.

"Nenda kang'oe hilo jino. Siku kumi nakupa. Kiti hakiwezi kukaa wazi siku kumi, unajua. Una mtu wa kukushikia, au nitafute?"

"Ninaye," Kengele akasema.

"Nani?"

"Kesho atakuwa hapa."

*

Hakuwa na mtu. Alipofika nyumbani alizungukazunguka uani akiwafikiria marafiki zake mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na kigugumizi, mwingine alikuwa na tamaa, na wa tatu alikuwa na sauti nzuri mno. Mama Pacha alimtazama kupitia dirishani mpaka akachoka, akatoka na sketi mkononi.

"Umefukuzwa?"

Akamweleza. Hakumweleza habari za yule mwanamke wa khanga nyeusi.

"Basi nitakwenda mimi," mkewe akasema.

Kengele akacheka, na kicheko kikamuumiza hadi akashika ukuta.

"Cheka tu. La mpakani saa tatu, mlango wa nane. La milimani saa tatu na robo, wa nne. Ya bandarini yako manne, la mwisho saa kumi na nusu, wa kwanza. La migodini Jumatatu na Alhamisi. Miaka sita unanitangazia kwenye meza ya chakula, unadhani masikio yangu ni ya kuvalia hereni?"

"Na sare?"

"Nitashona nikirudi. Mama atapiga vifungo."

"Vifungo na macho haya?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Kwa vidole, mama."

Hivyo ikawa. Asubuhi Mama Pacha alivaa gauni lake la kwendea harusini, akalivua, akavaa la kawaida, akaondoka. Na Kengele akapelekwa kwa daktari wa meno na mama mkwe wake, maana hapakuwa na mwingine. Kengele ndiye aliyemshika mama mkono kuvuka barabara, huku mama akimwambia kila mtu waliyepishana naye, "Namsindikiza mgonjwa."

Kwenye kliniki muuguzi alipoita zamu yao alimwinua mama mkwe kwa bega. "Bibi, twende taratibu."

"Si mimi, binti. Ni huyu mkubwa."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mikono midogo, asiye na maneno mengi. Hakuweza kuingiza kioo chake kinywani mwa Kengele kwa sababu taya lilikuwa limekaza. Akampiga picha kwa mashine iliyomzunguka kichwa, kisha akaiweka picha kwenye taa. Meno yote yalisimama kama watu kwenye foleni, ila la mwisho kabisa, chini kushoto. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya ufizi, kichwa kikimsukuma jirani yake.

"Hili ndilo jino la hekima," daktari akasema. "Limekosa nafasi, likalala ubavu. Ufizi umelifunika nusu, chakula kinaingia chini yake, kinaoza. Leo siligusi, usaha ni mwingi. Utakunywa dawa siku tano, taya lilegee, ndipo uje tulitoe."

"Hekima gani hiyo inayooza?" mama mkwe akauliza.

"Hata mimi sijui nani alilipa jina hilo, bibi."

Daktari akaonyesha kwa ncha ya kalamu mstari mwembamba mweusi uliopita chini ya mizizi ya lile gego. "Hapa unapita mshipa wa fahamu, unaokwenda kwenye mdomo na kidevu. Ni karibu mno. Tukitoa jino, mshipa huo unaweza kusumbuka. Nusu ya mdomo wa chini ikabaki na ganzi, wiki, miezi. Mara nyingi hisia hurudi. Kuna fomu ya kusaini kwamba nimekueleza."

"Mdomo ndio kazi yangu, daktari."

"Ndiyo maana nakueleza."

"Niapie kwamba zitarudi."

"Siwezi kukuapia. Ninachokuapia ni kwamba ukiliacha, usaha utashuka shingoni, na huko sina kazi tena. Huko ni hospitali kubwa na roho mkononi."

Gharama ilikuwa karibu sawa na sare thelathini. Kengele alijua kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa amezifunga pesa hizo kwenye leso, na leso bado ilikuwa na nyuzi za buluu.

*

Siku tano za dawa alizikaa nyumbani kama abiria aliyekosa basi. Aliamka saa ya kazi, akavaa, akakaa. Usaha ukapungua, taya likalegea hadi vidole viwili. Mama Pacha aliporudi jioni sauti ilikuwa imemkauka, lakini uso uling'aa, na hilo ndilo lililomsumbua Kengele kuliko jino.

"Wamelalamika?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Nani?"

"Abiria."

"Walalamike nini?"

Siku ya tatu mapacha walipanga viti vyote vya sebuleni mstari mmoja. "Abiria wetu wa bandarini," mmoja akatangaza kwa sauti ya upole, "basi lenu liko mlango wa kwanza, mkono wa kulia baada ya choo. Msikimbie, muda upo. Narudia."

"Mbona baba yenu hasemi hivyo?" Kengele akauliza.

"Mama ndiye anasema hivyo. Tulikwenda na bibi kumsikiliza."

Siku ya sita wakalitoa gego. Sindano haikuuma kama alivyoiogopa kwa wiki tatu. Ilichoma mara tatu, kisha nusu ya uso ikaondoka, kana kwamba imeazimwa na mtu. Alisikia kila kitu na hakuhisi chochote ila msukumo. Daktari akapasua ufizi, mashine ikalia ndani ya fuvu kama mtu anayetoboa ukuta wa jirani, kisha kitu kikakatika kwa mlio. "Nimelikata vipande," daktari akasema. "Halitoki zima." Vipande vitatu vikalia kwenye bakuli la bati. Kengele alikuwa ameushika ukingo wa kiti kwa nguvu hadi mikono ikapata ganzi nayo.

Akashonwa nyuzi nne, akang'atishwa kitambaa. Daktari akampa masharti huku akivua glovu. "Leo husemi. Siku tatu hutemi mate, huvuti kitu kwa mrija, husukutui kwa nguvu. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo dawa yenyewe. Ikitoka utanikumbuka."

Nyumbani akalala na kitambaa cha baridi shavuni. Mama Pacha aliporudi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia habari za kituoni ili kumchangamsha: jinsi madereva wanavyomsalimia, jinsi msimamizi alivyopanda ngazi mara mbili siku hiyo kumletea chai, jinsi bibi mmoja alivyomwambia kwamba kwa mara ya kwanza katika kituo kile ameelewa aende wapi. Alikuwa anasema kwa nia njema. Kengele akaashiria apewe kalamu. Akaandika nyuma ya fomu ya kliniki: Jino la pembe si dawa ya pengo.

Mama Pacha akaisoma. Akaisoma tena.

"Pengo ni lako," akasema. "Mimi si jino la mtu."

Akakirudisha kile kikaratasi kifuani pa mumewe, akaenda kwenye cherehani. Usiku ule cherehani ililia kwa kasi ambayo hata mama mkwe aliishangaa.

*

Siku ya pili baada ya kung'olewa ilikuwa ya nane kati ya zile kumi. Kengele akaamka na uvimbe mpya, mkubwa kuliko wa kwanza, lakini taya lilikuwa linafunguka na hilo lilimtosha. Nusu ya mdomo wa chini ilikuwa bado haipo. Aligusa kidevu kwa kidole. Kidole kilihisi kidevu, kidevu hakikuhisi kidole.

Kinywani alikuwa na ladha ya chuma, na sauti ilikwama kwenye koo kavu. Akachemsha maji, akatia chumvi, akasukutua. Akasukutua kwa nguvu, kichwa nyuma, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka sita kabla ya kwenda kazini, akatema kwa kishindo. Kitu chenye rangi ya ini kikashuka na maji. Hakukijali.

Kituoni hakupanda moja kwa moja. Akasimama kati ya mabegi ya watu, kofia imeshuka usoni, akamsikiliza mkewe kwenye spika. Alikuwa akisubiri akosee. Ya milimani, mlango wa nne. Ya mpakani, nane, na akaongeza, "nane ile yenye turubai la kijani." Basi la migodini limepata pancha, litachelewa nusu saa, poleni, wenye watoto kuna kivuli upande wa ofisi ya mizigo. Kengele hakuwahi kutangaza kwamba basi litachelewa. Yeye alinyamaza tu mpaka lije. Watu wakimpigia kelele, anawapigia kelele pia. Akatazama uwanja. Hakuna aliyekuwa akikimbia.

Jambo hilo lilimpandisha ngazi kwa hasira.

"Umekuja kufanya nini?" Mama Pacha akauliza, mkono juu ya kitufe. "Daktari kasema siku tatu!"

"Inuka kidogo."

"Baba Pacha."

"Inuka, mke wangu. Dakika moja."

Akainuka. Si kwa kumtii; kwa sababu kwenye kioo, upande wa nje, msimamizi alikuwa amesimama na kikombe cha chai akiwatazama, na hakutaka wagombane mbele yake. Kengele akaketi. Kiti kilikuwa kimepandishwa juu, miguu ikaning'inia. Akavuta shingo ya kipaza sauti, akabonyeza.

"Abiria wote wa bandarini!"

Sauti ilikuwa ile ile. Uwanja mzima ukainua vichwa, kuli mmoja akapiga mluzi, "Kengele huyo!" Moyo ukamjaa. Akaendelea, na akaendelea, saa, mlango, kampuni, akirudia yasiyohitaji kurudiwa. Kisha akaona watu wa mstari wa mbele wanatazama juu na kunong'onezana, na msichana mmoja anageuza uso. Hakujua kwa nini. Mama Pacha akaja mbele yake, akachukua ncha ya khanga yake, akamfuta kidevu. Ilikuwa imelowa mate yenye damu, yakitiririka hadi kwenye kola ya shati. Hakuwa amehisi chochote.

Alimfuta mbele ya kioo, mbele ya kituo kizima, taratibu, kama anavyomfuta mtoto. Halafu akabonyeza kitufe akamalizia tangazo.

Maumivu yalianza alipokuwa njiani kurudi. Yale ya mwanzo yalikuwa mzaha. Haya yalikaa ndani ya mfupa, yakapanda sikioni, yakashuka shingoni, yakawa na mapigo yao wenyewe. Alipoingia ndani mama mkwe akamsikia anavyopumua, akavaa viatu bila kuuliza.

Daktari alimulika mara moja tu. "Shimo tupu. Mfupa unaonekana. Ulisukutua?"

Kengele akafumba macho.

"Kwa nguvu?"

"Daktari, mtibu tu," mama mkwe akasema. "Kuulizwa ameshaulizwa na maumivu."

Akajazwa dawa yenye harufu kali ya karafuu kwenye shimo, na baada ya robo saa maumivu yakalegea kama mtu anayefungua ngumi. Akaambiwa arudi kila baada ya siku mbili kubadilishiwa, wiki mbili. Barabarani mama mkwe akamshika mkono kuvuka; safari hii hakuna aliyejua nani anamvusha nani.

"Mwanangu," akamwambia walipofika upande wa pili, "yule msimamizi alimuuliza mwenzio juzi kama anaweza kubaki. Moja kwa moja. Hakukwambia kwa sababu ulikuwa unaumwa. Nami sikutumwa kukwambia. Lakini nimeona unapigana na mtu asiyejua kwamba anapigana."

*

"Ulimjibu nini?" Kengele akauliza.

Mama Pacha alikuwa anahesabu sketi kwenye kochi kwa ajili ya kuzipeleka shuleni. Akazihesabu hadi mwisho kwanza.

"Nilimwambia nitaongea na mume wangu. Akasema vizuri, atanisubiri. Nikarudi, ukaniandikia methali."

"Nilikuwa na maumivu."

"Najua. Ndiyo sababu nilinyamaza."

"Unakitaka kile kiti?"

Alitegemea aseme hapana. Alitegemea angalau aseme hajui. Mama Pacha akakaa chini, katikati ya sketi zake.

"Nakitaka. Nikiwa shuleni nilikuwa nasoma habari mbele ya wanafunzi wote kila Ijumaa, hilo ulikuwa hulijui kwa sababu hukuwahi kuuliza. Miaka tisa naongea na cherehani. Pale juu nikisema neno, watu mia tatu wanageukia wanakokwenda. Nakitaka, Baba Pacha. Na sitaki kukuibia."

"Na ni kitu gani hiki kama si kuniibia?"

"Basi nenda kesho umwambie umepona. Sitapanda zile ngazi. Ila usiniambie niseme sikitaki, maana huo utakuwa uongo, na utakuwa nao humu ndani kila siku ukila."

Kengele akatoka uani. Akazunguka. Akarudi, akatoka tena. Mapacha wakampisha kila mara wakidhani ni mchezo. Alijaribu kumkasirikia mkewe, hasira ikakataa kukaa; akajaribu kumkasirikia msimamizi, daktari, lile gego. Kila alipofika kwenye ukuta wa uani aliisikia sauti ya yule mwanamke wa khanga nyeusi ikisema "ungesema", na safari ya tano au ya sita akaingia ndani akamweleza mkewe habari hiyo yote, tangu nne hadi saa ya mazishi. Alisema hata kwamba alijisikia akikosea, na angeweza kurudia, na hakurudia.

Mama Pacha akaikunja sketi aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka juu ya nyingine.

"Maskini mama wa watu," akasema mwishowe. Hakumfariji, na Kengele hakutaka kufarijiwa.

Siku ya kumi wakaenda wote wawili. Msimamizi akawatazama mmoja mmoja, funguo zikicheza mkononi.

"Nimwandike nani?"

"Mwandike huyu," Kengele akasema. Ilimtoka haraka, kama kitu cha moto. "Na umwandike kwa jina lake. Si mke wa Kengele."

"Na wewe?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Msimamizi akakuna shingo, akasema kwamba kwenye ofisi ya mizigo kuna nafasi, mshahara pungufu kidogo, kazi ni kupima vifurushi na kuvibandika karatasi. Kengele akasema atafikiri. Alifikiri wiki tatu, akiwa amelala ameuelekea ukuta, akila uji, akiwajibu watu kwa kichwa. Siku moja mama mkwe akamwomba amtungie uzi kwenye sindano ya vifungo, akautunga. Akamwomba tena, akautunga. Mara ya nane akavaa viatu akaenda kuulizia ile nafasi ya mizigo.

*

Ganzi ilianza kuondoka mwezi wa tatu, ikianzia pembeni mwa mdomo, kwa kutekenya kama sisimizi wanaopita. Hadi leo pana sehemu ndogo ya kidevu, upana wa sarafu, ambayo haijarudi.

Kazi ya mizigo hakuipenda na hakuichukia. Juu ya mzani palikuwa na spika, na ilimbidi kusimama chini ya sauti ya mkewe tangu asubuhi hadi jioni. Siku za mwanzo aliona haya makuli wakimtania, "Shemeji anakuita, Kengele!" Kisha wakachoka.

Alhamisi moja akaja mzee mwenye kifurushi cha vyungu na tiketi ya migodini. Alionekana hajafika pale siku nyingi. Kengele akakipima kifurushi, akaandika karatasi. Spika ikatangaza basi la migodini, mlango wa sita, liko tayari. Mzee akainua kichwa, akakunja uso.

"Siku hizi wameweka mwanamke," akasema. "Kulikuwa na mmoja hapa zamani, bwana wee! Sauti kama radi. Unamsikia mpaka nje barabarani. Alikwenda wapi yule?"

Kengele akashika brashi ya gundi bila kuipaka. Moyo ulimruka, hakuna aliyemsifu tangu siku ile ya kuli na mluzi. Akamtazama mzee usoni aone kama anamjua. Hakumjua.

"Yule alikuwa anapiga kelele tu, mzee wangu," akasema. "Huyu ndiye anatangaza. Kasema mlango gani?"

Mzee akafikiri. "Wa sita."

"Umeona? Twende, nikushikie vyungu."